Majeruhi wa Mgodi wa Makaa: Wanavyohesabiwa na Wanavyofichwa

Mwaka 2009 migodi ya makaa ya mawe nchini Marekani iliua wafanyakazi 18. Mwaka uliofuata iliua 48. Nikiandika namba hizo ubaoni na kuwauliza wanafunzi wangu kulikoni, hujibu bila kusita kwamba hatari ilipanda karibu mara tatu. Basi nawapa namba ya tatu. Alasiri ya tarehe 5 Aprili 2010, mgodi wa Upper Big Branch katika jimbo la West Virginia ulilipuka na kuua watu 29. Ondoa 29 katika 48. Wanabaki 19.

Kumi na nane, kisha kumi na tisa. Hatari ya kila siku, ile ya jiwe kudondoka darini au behewa kumbana mtu ukutani, haikusogea. Kilichobadilika ni kwamba safari hii watu 29 walikufa kwa mpigo, wakaja waandishi na kamera zao. Wale 19 walikufa mmoja mmoja, huyu mgodi huu na yule mgodi ule, wakazikwa na jamaa zao, na dunia ikaendelea na shughuli zake.

Mimi ni mwalimu wa takwimu hapa Mbeya. Mchana nafundisha vijana wa chuo. Jioni huja watu wazima, wengi wao maafisa usalama wa viwandani na migodini, wamechoka, buti zina vumbi, na wanataka kujua jambo moja tu: namba ipi waipeleke kwa bosi. Mimi huwajibu kwa kuwachelewesha. Namba ya majeruhi ni rahisi kuipata na rahisi zaidi kuipamba, na katika migodi ya makaa ya chini ya ardhi watu wamekufa kwa sababu ya namba iliyopambwa. Wengine wamepona kwa sababu mtu fulani alikaa chini akahesabu vizuri. Nitaeleza yote mawili.

Tuanze na nani anaandikwa. Marekani ndiyo nchi ninayoitumia darasani, maana kumbukumbu zake ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Kwa sheria yao, mtu akiumia mgodini kiasi cha kuhitaji matibabu yanayozidi huduma ya kwanza, au akashindwa kufanya kazi yake yote, au akahamishiwa kazi nyingine kwa sababu ya jeraha, mwenye mgodi ana siku 10 za kazi za kujaza fomu na kuituma kwa Mamlaka ya Usalama na Afya Migodini, MSHA. Kikitokea kifo, ana dakika 15 za kupiga simu. Na kila robo mwaka lazima apeleke idadi ya wafanyakazi wake na jumla ya saa walizofanya kazi.

Kila fomu ina maelezo mafupi ya kilichotokea, na ukizisoma nyingi unaanza kuona mgodi bila kuingia humo. Mtu ananyanyua gunia la unga wa chokaa, mgongo unakatika. Mtu anashuka kwenye mashine, anakanyaga kebo, kifundo cha mguu kinapinda. Mtu anatoboa dari ili afunge boliti, kipande cha mwamba kinachomoka pembeni ya boliti kinamwangukia begani. Unga huo wa chokaa, kwa asiyejua, humwagwa juu ya vumbi la makaa ili vumbi lisishike moto. Kazi ya kuokoa maisha ya shifti nzima humvunja mtu mmoja kiuno. Mgodi ndivyo ulivyo.

Majeraha yakishaandikwa, swali linalofuata ni kuyagawanya. Majeruhi 12 ni wengi au wachache? Inategemea ni watu wangapi walikuwa chini, kwa saa ngapi. Wamarekani huchukua idadi ya majeruhi, wakazidisha kwa 200,000, wakagawanya kwa saa zote zilizofanywa kazi. Hiyo 200,000 haikutoka hewani: ni saa za watu 100 wakifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Kwa hiyo jibu lako linasema, katika kila watu 100 wa kazi ya kutwa, wangapi waliumia kwa mwaka. Mgodi wa watu 60 una saa 120,000 kwa mwaka. Wakiumia wawili, kiwango ni 3.3. Akiumia mmoja, 1.7. Asipoumia mtu, sifuri.

Hiyo sifuri ndiyo huleta ubishi darasani kwangu. Tuseme mgodi huo wa watu 60 una hatari isiyobadilika, ambayo kwa wastani huumiza watu wawili kwa mwaka. Hesabu ya uwezekano, ile inayoitwa ya Poisson, inasema kuna nafasi ya karibu moja kati ya saba kwamba mwaka mzima utapita bila majeruhi hata mmoja. Bahati tu. Na nafasi ya kupata majeruhi wanne au zaidi nayo ni karibu moja kati ya saba. Sasa chukua migodi saba ya namna hiyo, yote sawa kwa hatari. Mmoja utapewa kikombe na meneja wake atapigwa picha na mkuu wa mkoa. Mwingine afisa usalama wake atafukuzwa kazi. Mwaka unaofuata watabadilishana. Nimewahi kuwaona watu wazima wakikunja uso kwa uchungu nilipowaandikia hesabu hiyo ubaoni, kwa kuwa kuna aliyefukuzwa miongoni mwao.

Ndiyo maana ule ubao wa langoni unaosema siku kadhaa zimepita bila ajali haunivutii. Mgodi mdogo unahitaji miaka, si siku, kabla sifuri yake haijasema chochote. Na ubao huo una ubaya wa pili, ambao ni mkubwa zaidi: shifti nzima ikiahidiwa zawadi iwapo ubao utafika siku mia, aliyevunjika kidole siku ya 96 ataombwa na wenzake anyamaze.

Hapo namkumbuka mjomba wangu, marehemu sasa, aliyechimba makaa nje ya nchi wakati wa ujana wake. Mgodi wenyewe sitautaja. Alirudi na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikiwa kifupi kuliko kinavyopaswa. Siku moja, nilipokwishaanza kusomea hesabu, nilimuuliza.

“Mjomba, ulipoumia kidole ulilala hospitali siku ngapi?”

“Sikulala. Kesho yake nilikuwa kazini.”

“Ukifanya nini na mkono uliofungwa?”

“Kukaa.”

“Kukaa?”

“Kukaa, mwanangu. Walinileta kwa gari la bosi, wakanipa kiti ofisini, nikawa nahesabu betri za taa za kofia. Zilikuwa zimeshahesabiwa.”

Alicheka sana. Kwake ilikuwa hadithi ya wazungu na vituko vyao. Mimi nilielewa baadaye, niliposoma namna makampuni mengi yanavyopima majeraha: jeraha zito ni lile linalomfanya mtu akose siku ya kazi. Mtu aliyekaa kwenye kiti akihesabu betri hakukosa siku. Kwa hiyo kidole cha mjomba wangu hakikupotea, kwa hesabu za mgodi ule. Sheria ya Marekani imejaribu kuziba mwanya huo kwa kudai hata aliyepunguziwa kazi aandikwe, ila fomu hujazwa na mwenye mgodi, na mkaguzi hawezi kuwa katika kila ofisi yenye kiti.

Kuna jedwali jingine ambalo mjomba angelicheka zaidi. Watu wa takwimu walikwama zamani: aliyevunjika mguu amekosa siku 90, je, aliyekufa amekosa siku ngapi? Bila kanuni, aliyekufa papo hapo angeonekana hana siku alizopoteza. Wakakubaliana kwamba kifo kihesabiwe kuwa siku 6,000, yaani miaka 20 ya siku 300 za kazi. Mkono uliokatika juu ya kiwiko ni siku 4,500. Jicho moja ni 1,800. Ni hesabu isiyo na huruma, lakini naitetea. Mgodi unaolazimishwa kuandika 6,000 kwa kifo kimoja hauwezi kukizamisha kifo hicho ndani ya wastani mzuri wa vidole vilivyopona.

Turudi Upper Big Branch. Uchunguzi wa MSHA baada ya mlipuko ulikuta kwamba kampuni ya Massey Energy, iliyomiliki mgodi, ilikuwa na vitabu vya aina mbili. Kimoja kilikuwa cha ndani, ambamo wakubwa wa kampuni waliweza kusoma habari za hatari zilizokuwa zikionekana chini. Kingine kilikuwa kile ambacho sheria inataka kijazwe na kuonyeshwa kwa wakaguzi, na hatari kadhaa zilizokuwa kwenye kitabu cha kwanza hazikuwamo katika cha pili. Vumbi la makaa lilikuwa limeachwa lirundikane bila unga wa chokaa wa kutosha. Cheche ikawasha gesi, gesi ikawasha vumbi, na moto ukakimbia kwenye njia za mgodi kwa kasi ambayo hakuna binadamu angeishinda. Mkuu wa kampuni, Don Blankenship, alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kula njama ya kuvunja kanuni za usalama, akafungwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja kwa watu 29. Hesabu hiyo mimi sijui kuigawanya.

Kuna imani ya zamani katika kazi ya usalama ambayo mwisho kama huo unaivuruga. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja wa kampuni ya bima, H. W. Heinrich, aliandika kwamba katika kila matukio 330 ya aina moja, 300 hayaumizi mtu, 29 huumiza kidogo, na moja huumiza vibaya. Watu wakachora pembetatu, wakahitimisha kwamba ukipunguza vidonda vidogo huko chini, vifo vya kileleni vitapungua vyenyewe. Kwenye makaa haiendi hivyo. Kinachoumiza wengi ni kubeba mizigo, kuteleza na kujikwaa. Kinachoua ni dari na kuta kuanguka, magari na mikanda ya kusafirishia makaa, mashine, na gesi inapolipuka. Unaweza kuwagawia watu wote glavu na kuwafundisha kunyanyua mzigo kwa magoti, vidonda vikapungua nusu, na gesi ya methani ikaendelea kujikusanya palepale. Afisa usalama anayeniambia kiwango chake kimeshuka namuuliza kimeshuka kwa majeraha gani.

Sasa kuna kugawanya kwa kitu kisichofaa. Mwaka 2005 China ilikiri vifo 5,938 katika migodi yake ya makaa. Kwa kila tani milioni moja zilizochimbwa, walikufa watu 2.8. Marekani mwaka huohuo ilikuwa na vifo 0.02 hivi kwa tani milioni. Magazeti yaliandika kwamba mgodi wa China ni hatari zaidi ya mara 100. Kwamba ulikuwa hatari zaidi, hilo halina ubishi, hasa ile migodi midogo ya vijijini. Hiyo mara 100 ndiyo tatizo. Sehemu kubwa ya makaa ya Marekani huchimbwa juu ya ardhi, kama kule Wyoming ambako tabaka la makaa lina unene wa ghorofa kadhaa na koleo moja la mashine hujaza lori kwa dakika chache, hakuna mtu aliye chini ya dari. Karibu makaa yote ya China wakati huo yalitoka chini. Ukigawanya kwa tani, unapima ukubwa wa mashine pamoja na usalama wa mtu, na huwezi tena kuvitenganisha. Migodi miwili yenye watu 300 kila mmoja na vifo sawa itatofautiana mara kumi iwapo mmoja unachimba kwa mashine na mwingine kwa sururu. Mimi nasema mtu agawanywe kwa saa alizokaa hatarini. Tani hazifi.

Kwa haki ya Wachina, nao walishuka kweli. Walifunga maelfu ya migodi midogo, na mwaka 2014 vifo vya mwaka vilikuwa 931, mara ya kwanza kupungua chini ya 1,000.

Wanaosoma takwimu duniani kote, wengi wao bila kujua, wameshika mikononi vifo vya wachimbaji wa Uingereza. Mwaka 1952 jarida la Biometrika lilichapisha makala ya Maguire, Pearson na Wynn kuhusu muda unaopita kati ya ajali moja ya kiwandani na nyingine, na mfano wao ulikuwa maafa ya migodi ya makaa ya Uingereza. Mwaka 1979 R. G. Jarrett aliyasahihisha na kuyarefusha: maafa 191, kila moja likiwa limeua watu 10 au zaidi, kati ya mwaka 1851 na 1962. Leo programu nyingi za takwimu huja na data hiyo ndani yake, tayari kwa mazoezi ya wanafunzi.

Zoezi lenyewe ni zuri. Ukipanga maafa hayo kwa mwaka, kwa miaka 40 ya mwanzo yanakuja karibu matatu kila mwaka. Kisha kuna mahali yanapungua, yanakuwa takriban moja kwa mwaka. Hesabu inaonyesha mabadiliko yalitokea karibu na mwaka 1890. Kwa nini? Sheria ya migodi ya mwaka 1887 ilikuwa imekaza masharti. Wachimbaji waliunda shirikisho lao la vyama mwaka 1889. Wataalamu walikuwa wameanza kukubali kwamba vumbi la makaa lenyewe, bila gesi nyingi, linaweza kubeba mlipuko, jambo ambalo William Galloway alilipigania tangu miaka ya 1870 huku akibezwa. Takwimu inakupeleka mpaka mlango wa mwaka 1890 na kukuacha hapo. Kuingia ndani ni kazi ya anayeijua migodi na historia yake.

Data hiyohiyo inafundisha kuhusu usemi wetu kwamba ajali huandamana. Tuseme maafa yanakuja ovyo kabisa, matatu kwa mwaka, moja halijui habari za jingine. Wengi hudhani yatajipanga kila baada ya miezi minne. Hapana. Katika kila maafa matano, moja litafuatwa na jingine ndani ya siku 30. Desemba 1907 mgodi wa Monongah, West Virginia, uliua watu 362 tarehe 6, na mgodi wa Darr, Pennsylvania, ukaua 239 tarehe 19. Watu waliona mkono wa shetani. Mimi naona kwamba nchi iliyokuwa ikiua wachimbaji wa makaa zaidi ya 3,000 kwa mwaka lazima ipate miezi kama hiyo. Na hiyo 362 yenyewe ni hesabu ya walioandikwa. Wachimbaji wa zama zile walikuwa na kawaida ya kuingia na wasaidizi ambao majina yao hayakuwa katika daftari la mtu yeyote.

Na kumbuka kigezo cha watu 10. Yaliyoua tisa hayamo katika yale 191. Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ikipoteza wachimbaji zaidi ya 1,000 kila mwaka, na wengi wao waliangukiwa na dari au kugongwa na mabehewa, mmoja hapa, wawili pale. Hata mwaka 1913, mwaka wa mlipuko wa Senghenydd ulioua 439 kule Wales, waliokufa nje ya Senghenydd walikuwa wengi zaidi yao.

Hesabu ninayoipenda kuliko zote ilizaliwa Afrika, na ilizaliwa kwa gharama. Tarehe 21 Januari 1960 mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, uliporomoka. Watu 435 walibaki chini, wengi wao Wabasotho na watu wa Msumbiji waliokwenda kutafuta kodi na mahari. Miili haikutolewa.

Mgodi ule ulichimbwa kwa vyumba na nguzo. Unachukua makaa, unaacha makaa mengine yasimame kama nguzo za kushika dari. Kila nguzo unayoiacha ni pesa unayoiacha, kwa hiyo kuna kishawishi cha kuzipunguza unene, au kurudi kwenye vyumba vya zamani na kukwangua makaa ya juu, na kila unapokwangua, nguzo inazidi kuwa ndefu. Coalbrook walifanya hivyo. Mwishoni mwa Desemba 1959 sehemu moja ilishaanguka, bila kuua. Kazi ikaendelea. Hakuna aliyekuwa na kanuni ya kumwambia nguzo ya upana huu na urefu huu itabeba kiasi gani. Kila meneja alifuata mazoea, na mazoea yake yalitokana na nguzo ambazo bado hazijaanguka.

Baada ya Coalbrook, mhandisi Miklós Salamon, mzaliwa wa Hungary, alishika kazi hiyo pamoja na A. H. Munro. Hawakuanza na maabara. Walizunguka kwenye kumbukumbu za migodi na kukusanya maeneo 27 ambako nguzo zilianguka. Wengi wangeishia hapo, wakaandika ripoti juu ya maeneo 27. Wao wakakusanya na maeneo 98 ambako nguzo zilikuwa zimesimama. Hapo ndipo penye akili yote. Ukiwachunguza walioumia peke yao, utakuta walikuwa wamevaa buti, wamekunywa chai asubuhi na walifanya kazi zamu ya usiku, na hutajua lipi kati ya hayo lina maana mpaka uwatazame na wasioumia.

Mwaka 1967 walitoa kanuni. Nguvu ya nguzo hupanda upana unapoongezeka, na hushuka haraka zaidi urefu unapoongezeka. Chukua nguzo ya upana wa meta 12 na urefu wa meta 3. Kwangua makaa ya juu mpaka ifike meta 5, upana uleule. Kwa kanuni yao imepoteza zaidi ya robo ya nguvu zake, na dari juu yake haikupungua hata kilo moja. Wakashauri nguzo iachwe na nguvu mara 1.6 ya mzigo wake, kwa kuwa maeneo mengi yaliyosimama salama yalizunguka hapo. Migodi ya Afrika Kusini ilijengwa kwa kanuni hiyo kwa miongo mingi iliyofuata, na maporomoko ya aina ya Coalbrook hayakurudi kwa ukubwa ule.

Marekani nako, vita dhidi ya dari ilichukua nusu karne. Mwaka 1968 dari ziliua karibu watu 100 katika migodi ya makaa ya chini. Mwaka 2016 hazikuua mtu. Sifuri hiyo naiamini, kwa sababu ukiirudisha nyuma unaona mstari ulioshuka mwaka baada ya mwaka, na maiti ni vigumu kuificha kwenye kiti cha ofisini.

Kuna majeruhi wengine ambao hata kitabu kizuri hakiwakamati. Vumbi la makaa huingia kwenye mapafu kimyakimya, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 10, 20 au zaidi, mtu ameshaacha kazi au mgodi umeshafungwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1969 iliweka kikomo cha vumbi, ugonjwa ukapungua, wengi wakaamini umekwisha. Mwaka 2018 watafiti walichapisha hesabu ya kliniki tatu tu za Virginia: wagonjwa 416 wa hatua mbaya kabisa ya ugonjwa huo, waliogunduliwa kati ya 2013 na 2017. Migodi waliyotoka ilikuwa imekata mwamba mwingi pamoja na makaa membamba, na vumbi la mwamba ni kali kuliko la makaa. Miaka yote hiyo chati za ajali zilikuwa zikishuka vizuri.

Nchini kwetu uchimbaji wa makaa unapanda. Kiwira kuna mgodi wa chini ya ardhi uliofunguliwa mwaka 1988. Ngaka, wilayani Mbinga, huchimbwa juu ya ardhi, na malori ya makaa hukimbia usiku na mchana kuelekea bandari ya Mtwara. Dereva wa lori hilo akifia barabarani, je, ni kifo cha mgodi au cha barabara? Kibarua wa mkandarasi akiangukiwa na mkanda, saa zake zimo kwenye jumla ya saa za mgodi, na jina lake limo kwenye orodha? Mkandarasi akiondolewa kwenye hesabu, kampuni inaweza kuwapa makandarasi kazi zote za hatari na kubaki na kiwango cha kujivunia. Mimi nikipewa ripoti ya usalama isiyosema kuhusu makandarasi, naifunga.

Historia ya eneo hili haituruhusu kuona makaa ni mambo ya mbali. Tarehe 6 Juni 1972 mgodi wa Wankie, ambao leo ni Hwange, Zimbabwe, ulilipuka na kuua watu 427. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliotoka Zambia, Malawi, Msumbiji, na hapa Tanzania. Wengi bado wako chini.

Tuna sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 na Wakala wake, OSHA. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Ombi langu kwao na kwa wenye migodi ni dogo na halina gharama kubwa: kila mgodi utoe hadharani, kila mwaka, idadi ya walioumia, kazi waliyokuwa wakifanya, na jumla ya saa za kazi, makandarasi na madereva wakiwamo. Wanafunzi wangu wa jioni watafanya hesabu iliyobaki bure.

Na wewe msomaji mwenye mume, kaka au binti mgodini: akirudi nyumbani na bandeji, muulize kama jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha ajali. Kama halimo, arudi kesho yake akadai liandikwe, pamoja na tarehe, saa na jina la aliyeshuhudia. Hata kama amepewa kiti ofisini.